Je, Wajua? Mpini Unaotuma Ujumbe, Betri za Juani na Mambo Mengine ya Mafundi wa Pwani ya Kusini

Je, wajua kwamba stima ya Mombasa ilianza na mtambo wa mtumba? Kumbukumbu za Kenya Power zinaeleza kuwa mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua jenereta iliyokuwa ya Seyyid Barghash wa Unguja, ile iliyowasha taa za jumba la Sultani na mitaa ya jirani, akaivusha bahari na kuifungia kampuni. Barghash alifariki mwaka 1888, kwa hiyo mashine ilipotua Mombasa ilikuwa imeshakula chumvi isiyopungua miaka 20. Kijana wa Ukunda anayefungua printa mbovu ili atoe mota yake asione haya hata kidogo. Umeme wenyewe uliingia Pwani kwa mlango huo huo.

Je, wajua kwamba kimojawapo cha vifaa vya elektroniki vyenye akili zaidi kuwahi kutumika mashambani Kenya kilifichwa ndani ya mpini wa pampu ya maji, hapa hapa Kwale? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walianza kukijaribu Zambia, wakahamia Kyuso katika Kaunti ya Kitui, kisha kuanzia mwaka 2014 wakakitia kwenye pampu za mkono takriban 300 za Kwale. Ndani yake hamna muujiza: betri, chipu ndogo, moduli ya simu yenye laini yake, na sensa ya mwendo, ile inayofanya picha ya simu yako igeuke unapoilaza ubavu. Mama akipampu, mpini unapanda na kushuka, sensa inahesabu. Kifaa kinakadiria maji yaliyotoka kisha kinatuma SMS. Mpini ukinyamaza siku nzima pale ambapo ndoo hupangwa foleni tangu alfajiri, fundi anajua pampu imekufa hata kabla mtu hajatafuta vocha ya kumpigia. Kule Kyuso, muda wa wastani wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3.

Utamu haujaisha. Watafiti walipoitazama data kwa makini waligundua kwamba mpini hautikisiki sawasawa kila mahali. Maji yakiwa mbali chini, mtikisiko wake una sura nyingine kuliko yakiwa karibu. Kompyuta ikafundishwa kuzitambua sura hizo, na mwaka 2017 matokeo yakachapishwa: kifaa kilichowekwa kuhesabu ndoo kinaweza pia kukadiria kina cha maji ardhini. Hakikuongezewa hata sensa moja. Kwangu mimi huu ndio ufundi wa kuvuliwa kofia, na inashangaza kwamba vijana wetu wengi wanaojifunza elektroniki wanazijua roboti za Japani kuliko mpini wa Msambweni.

Na wajua kwa nini Kwale? Pampu yenyewe, Afridev, ilijaribiwa na kurekebishwa katika wilaya hii hii miaka ya 1980, katika mradi wa UNDP na Benki ya Dunia, pamoja na shirika la KWAHO lililowafunza akina mama kuzitunza pampu zao. Ilibuniwa ili kazi karibu yote ya kuifungua ifanywe kwa spana moja. Michoro yake ni mali ya umma: karakana yoyote duniani ina ruhusa ya kuitengeneza. Leo mafundi wa FundiFix hapa Kwale wanazitunza pampu kwa malipo ya kila mwezi, na watu hulipia pampu inayofanya kazi, hawangoji iharibike ndipo wachangishane.

Unataka kujaribu nyumbani? Moduli iitwayo MPU-6050 ni ndogo kuliko stempu ya barua, na inapima mwendo kwa pande tatu na mzunguko kwa pande tatu. Ifunge kwenye jenereta, mashine ya kusaga au mlango wa banda la kuku. Kila mashine ina mtetemo wake wa afya na mtetemo wake wa ugonjwa. Rekodi ule wa afya kwanza. Wengi huanza kurekodi mashine ikiwa tayari inaumwa, halafu hawana cha kulinganishia.

Je, wajua adui wa kwanza wa saketi Diani ni nani? Si voltage kupanda, wala si mvua ya masika. Ni upepo wa kusi. Unavuma kutoka baharini miezi mingi ya katikati ya mwaka ukibeba vumbi la maji ya chumvi, na chumvi ikishatua kwenye bodi huvuta unyevu wa hewa na kuwa njia ya umeme pale ambapo hapatakiwi njia. Shaba huota kutu ya kijani, mguu wa chipu hukatika, na redio iliyodumu miaka Nakuru hufa mapema Galu.

Dawa ya bei nafuu ipo kwenye duka la vipodozi: rangi ya kucha isiyo na rangi. Safisha bodi kwa spiriti, iache ikauke kabisa, kisha pitisha tabaka jembamba juu ya maungio ya solda. Usipake kwenye soketi, swichi, sensa ya unyevu wala chochote kinachopata moto sana. Vanishi maalumu ya saketi ni bora zaidi, lakini ya kucha inapatikana hadi Lunga Lunga.

Wajua pia kwamba waya wa shaba uliopakwa bati hudumu kuliko shaba tupu penye chumvi? Ndiyo maana mafundi wa boti huulizia huo. Na ukiunganisha shaba na alumini moja kwa moja karibu na bahari umetengeneza betri bila kukusudia: chumvi ni maji ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa.

Simu ikianguka baharini, je? Usiitie kwenye mchele. Mchele hauwezi kuvuta maji yaliyojificha chini ya chipu, na vumbi lake la wanga linaongeza uchafu. Hata Apple wamewaonya wateja wao waachane nao. Izime, toa betri kama inatoka, kisha fanya jambo linaloonekana la kichaa: isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji huondoka yakikauka. Chumvi hubaki na kuendelea kula. Baada ya hapo spiriti safi, kisha feni. Kama betri haitoki, mpelekee fundi upesi, na usiiwashe njiani ili kuona kama bado iko hai.

Haya sasa ya haraka haraka.

Spika ni maikrofoni pia. Zungumza mbele yake, utando utatikisika na waya zake zitatoa umeme kidogo.

Mota ya umeme wa moja kwa moja ni jenereta. Izungushe kwa mkono, mita itasoma volti.

Taa ya LED ni sensa ya mwanga. Iweke juani, ipime kwa mita, utaona volti ndogo bila betri yoyote.

Zile taa za sola zinazochomekwa kwenye bustani za hoteli mara nyingi hazina sensa ya giza. Paneli yenyewe ndiyo jicho: ikiacha kutoa volti, chipu inaelewa kuwa jua limezama na inawasha taa. Ukitaka kuitengeneza iliyokufa, anza na betri. Nyingi hutupwa zikiwa nzima, isipokuwa betri moja ndogo ya 1.2 V iliyochoka na nyaya mbili zilizooza kwa chumvi.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 wanafunzi wawili wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na dainamo ya baiskeli na kuiuza kwa shilingi 350? Saa moja ya kupiga pedali ilitosha kujaza simu ya wakati huo. Vipande vyake kadhaa vilitoka kwenye vifaa vilivyokwisha tupwa. Katana hakuishia barabarani. Alibuni pia kifaa cha wavuvi kinachopiga chini ya maji sauti za samaki wanapokula, ili wenzao waje wakidhani kuna karamu, halafu mtego ukijaa mvuvi apate ujumbe kwenye simu. Samaki kuitwa kwa spika! Huko Arusha, Tanzania, mbunifu Bernard Kiwia naye alitengeneza chaja ya baiskeli, na sasa karakana yake ya Twende inafundisha wengine kubuni vyao.

Waendesha bodaboda, hii ni yenu. Betri ya pikipiki ni 12 V, simu inataka 5 V. Mafundi wengi hutumia chipu ya 7805 kwa sababu ni rahisi na ina miguu mitatu tu. Lakini chipu hiyo hupunguza volti kwa kuzigeuza joto: simu ikivuta ampea 1, wati 5 zinaingia kwenye simu na wati 7 zinachoma kidole chako. Moduli ya kushusha volti kwa kuwasha na kuzima haraka hupoteza sehemu ndogo tu. Ukubwa wake ni kama kucha, na betri ya pikipiki haichoki bure.

Je, wajua kama kuanika betri za redio juani kunasaidia kweli? Kunasaidia kidogo. Joto linaharakisha kemia iliyobaki ndani, kwa hiyo betri iliyozimia inaamka kwa muda, ikatosha labda taarifa ya habari na kipande cha taarabu. Haijachajiwa. Hakuna kilichoingia kutoka kwenye jua. Kuing'ata kwa meno ni mchezo mwingine tena: kunasogeza kemikali ndani yake na kumpa mng'ataji zawadi ya kuvuja mdomoni. Waachieni babu zetu hiyo.

Njia ya kistaarabu ya kuikamua betri ya 1.5 V inayodaiwa kufa ni saketi iitwayo mwizi wa jouli. Vitu vinne: transista moja, rezista moja, pete ya feraiti iliyozungushiwa waya mbili, na LED nyeupe. LED nyeupe inahitaji takriban 3 V, betri mbovu haina hata 1 V, lakini saketi hii huiwasha na kuizima LED maelfu ya mara kwa sekunde kwa mapigo yenye volti za kutosha. Jicho halioni kuzima. Betri ambayo redio imeikataa inaweza kuwasha taa hiyo mpaka inapokaribia 0.6 V. Pete ya feraiti utaipata ndani ya kitako cha balbu ya zamani ya kuokoa umeme. Fungua kitako taratibu, usivunje mrija wa kioo. Ndani ya mrija kuna zebaki.

Betri ya laptopu iliyokufa, wajua ina nini ndani? Mara nyingi ni seli kadhaa za 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Aghalabu seli moja au mbili ndizo zilizokufa na kuwafungia wenzao mlango. Seli nzima ni 3.7 V kwa kawaida na 4.2 V ikijaa, si zaidi. Uliyoikuta chini ya 2.5 V iache, usijaribu kuifufua. Usiunganishe ubavu kwa ubavu seli zenye volti tofauti, kwani iliyojaa itamimina umeme wote ndani ya iliyopungua na moto hautakusubiri. Na usizichomelee solda moja kwa moja. Tumia vishikio vya betri. Hapo siuzi maneno: lithiamu ikishika moto ndani ya nyumba ya makuti hakuna cha kuokoa.

Je, wajua kwamba kila kitufe cha simu kinapobonyezwa wakati wa mazungumzo hutoa sauti mbili kwa pamoja? Tano ni hertzi 770 na 1,336. Moja ni 697 na 1,209. Jozi hizo hazifanani, kwa hiyo chipu rahisi kama MT8870 inaweza kusikiliza na kujua umebonyeza nini. Juu ya ujanja huo, mwaka 2008 kijana wa Mombasa wa miaka 18, Morris Mbetsa, ambaye hakuwa amesomea elektroniki darasani, alitengeneza Block & Track: kifaa cha kuzuia wizi wa gari kinachomwezesha mwenyewe kuzima injini kwa simu akiwa mbali. Magazeti na televisheni vikamwandama.

Wewe huna gari? Chukua simu ya mulika mwizi iliyopasuka kioo, iwekee kupokea simu yenyewe, toa sauti kwenye tundu la spika za masikioni uipeleke kwa MT8870, kisha rilei ya pampu ya maji. Ukiwa Likoni unangoja feri unaipigia, unabonyeza tano, na tangi la Msambweni linaanza kujaa. Weka namba ya siri ya tarakimu tatu kabla ya amri, la sivyo kila anayekosea namba atakuoshea ua.

Kabla ya kuifungua rimoti ya televisheni ukidhani imekufa, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze. Kamera nyingi huiona miali ambayo macho yetu hayaioni, na taa ya rimoti itamweka kwa rangi ya zambarau. Ikimweka, ugonjwa uko kwenye televisheni.

Redio ya simu inadai spika za masikioni kwa sababu waya wake ndio antena. Hata spika zilizokufa zinafaa.

Na antena ya televisheni, je? Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015 wauzaji waliwauzia watu antena za dijitali. Antena haijui dijitali wala analojia, inajua urefu wa mawimbi tu. Chaneli zetu za ardhini ziko kwenye UHF. Kwa megahertzi 500 wimbi zima ni sentimita 60, basi mikono miwili ya waya mnene wa shaba, kila mmoja sentimita 15, ikiunganishwa na waya wa antena katikati, inatosha palipo karibu na mnara. Nyuma ya milima ya Shimba ni habari nyingine.

Je, wajua kwa nini madishi ya Kwale yanatazama juu hivyo? Setilaiti inayobeba chaneli nyingi za DStv imekaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 39.5 mashariki na nyuzi 4 na kidogo kusini mwa ikweta. Maana yake iko karibu utosini, zaidi ya nyuzi 80 kutoka upeo wa macho. Fundi aliyejifunzia Ulaya angeliona dishi letu akadhani limeanguka. Faida yake ni kwamba mnazi wa jirani hauzibi picha kirahisi. Hasara yake ni maji ya mvua kutuama ndani, na kitundu kimoja kidogo sehemu ya chini kabisa ya sahani kinaimaliza kesi hiyo.

Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni za Ulaya. Mwaka 2012 wadadisi waligundua kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kupokea karibu kila kitu, kuanzia takriban megahertzi 24 hadi 1,700. Paa la Diani ni mahali pazuri pa kuchezea. Meli zinazongoja kuingia Kilindini hutangaza jina, mwendo na mwelekeo wao kwenye megahertzi 162. Waya wa sentimita 46 uliosimama wima unazinasa, na antena yako ikiwa mita 10 juu utaziona meli zilizo kilomita 30 hivi baharini, usiku na mchana. Ndege hutangaza pia, kwenye megahertzi 1,090, ambako robo ya wimbi ni karibu sentimita 7. Setilaiti za hali ya hewa za NOAA, zilizowafunza watu wengi mchezo huu, zilizimwa mwaka 2025, lakini za Meteor za Urusi bado zinapita.

Kupokea ni jambo moja, kurusha ni jingine. Kisambazi kidogo cha FM kinatengenezwa jioni moja kwa transista moja, na bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni kosa. Anayetaka kurusha kihalali atafute leseni ya redio ya ridhaa, na alama yake ya wito itaanza na 5Z4.

Je, wajua tarehe ambazo Diani haina kivuli? Karibu tarehe 9 au 10 Machi na tarehe 4 Oktoba jua hupita utosini kabisa kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Ndiyo maana paneli ya sola hapa hailazwi kama ya Ulaya. Mwinamo wa nyuzi 10 hivi ukielekea kaskazini unatosha, na kazi yake kubwa ni kuacha mvua isafishe vumbi na mavi ya kunguru. Paneli huchukia joto: kila nyuzi moja juu ya 25 inapunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.4. Iliyogandishwa juu ya bati ikafika nyuzi 60 imepoteza kama asilimia 14. Inua sentimita kumi, upepo upite chini, huo ni umeme wa bure.

Kule Kinyasini, Unguja, kuna kituo cha Barefoot College ambako akina mama wa vijijini hufunzwa kuunda na kutengeneza mifumo ya sola. Mbinu ya chuo hicho haidai cheti wala kujua kusoma sana: rezista zina mistari ya rangi, na rangi zinakaririka.

Mbega wa Diani nao wana uhandisi wao. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya ufukweni ili mbega wavuke bila kugongwa. Hatari yao nyingine ni nyaya za umeme zisizofunikwa. Mnyama anayegusa waya mmoja tu huenda asidhurike. Anayegusa nyaya mbili, au waya na nguzo, ndiye anayekufa, na mbega ana mikono, miguu na mkia mrefu wa kufanyia kosa hilo. Kwa hiyo matawi hukatwa na nyaya hufunikwa.

Na tembo? Mvulana wa Kimaasai wa Kitengela, Richard Turere, alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na taa za tochi mbovu, akazungushia zizi taa zinazomweka kwa zamu. Simba akadhani kuna mtu anazunguka na tochi. Alipoieleza kwenye jukwaa la TED mwaka 2013 alikuwa na miaka 13, na alisema taa hizo zimeshaanza kutumika kuzuia tembo mashambani pia. Wakulima wanaopakana na hifadhi za Shimba Hills na Mwaluganje wanajua thamani ya kitu kama hicho. Hesabu ya taa moja nyekundu ni hii: 12 V toa 2 V za LED, gawanya kwa ampea 0.02, unapata omu 500. Dukani hazipo za 500; chukua 560.

Ukiwa na taa nyekundu mkononi, itumie ufukweni pia. Watoto wa kasa wakitoka mchangani hukimbilia penye mwanga zaidi, ambapo zamani palikuwa bahari na siku hizi ni baa. Mwanga mwekundu huwachanganya kidogo kuliko mweupe.

Wajua kwa nini kalamu inafungua soketi? Pini ya juu ya plagi yetu ni ndefu makusudi: inaingia kwanza na kuinua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Anayechomeka kalamu ili chaja ya pini mbili iingie amemlaghai mlinzi. Kalamu ya plastiki haipitishi umeme, ila plagi ya pini mbili haikai sawasawa humo, inalegea, inatoa cheche, na soketi inaungua. Adapta ni rahisi kuliko soketi.

Ndani ya chaja ya laptopu 240 V hugeuzwa kuwa karibu 340 V na kuhifadhiwa kwenye kapasita, ambayo inaweza kubaki na umeme hata ukishachomoa. Ya oveni ya maikrowevu hufika karibu 2,000 V. Hiyo usiifungue, wala usimwamini anayekuonyesha kwenye video akiifungua.

Sensa ya HC-SR04, inayopima maji ya tangi kwa mwangwi wa kilohertzi 40, hudanganya Pwani. Programu nyingi hudhani sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Kwenye hewa ya nyuzi 30 inakwenda karibu 349. Umbali wa mita 2 utasomeka pungufu kwa sentimita 3.4 hivi. Ongeza kipima joto, na mwendo wa sauti upigie hesabu hii: 331 jumlisha 0.6 mara nyuzi joto. Nunua ile aina isiyoingiza maji, maana mvuke wa tangi utaitafuna ya kawaida.

La mwisho ni la mjusi kafiri. Anapenda inveta kwa sababu ina joto na huvuta wadudu, na mwili wake una unyevu wa kutosha kuunganisha miguu miwili ya transista. Sisimizi nao hupenda kujenga ndani ya rilei, katikati ya vidole vinavyogusana, mpaka swichi ikashindwa kufunga. Wavu mwembamba wa chuma juu ya matundu ya hewa unawazuia wote wawili. Usiutie wa nailoni: inveta ikipata moto unalegea, na mjusi anaingia kama kawaida.